Kizungu cha Kulia kwenda Kushoto

Baba Mwanaidi,

Salamu zinazokufaa sasa ni dua, nazo nimekwisha kuzituma alfajiri kwa njia yake. Hii ni barua tu, ya mke kwa mumewe. Naiandika kwa herufi za chuoni, hizi za Kiarabu tulizosomea Qur'ani, na kila herufi nimeitilia irabu yake kama ulivyokuwa ukinikazania, maana ulisema anayeandika bila irabu anamwachia msomaji kazi aliyoionea uvivu yeye mwenyewe. Leo sikuona uvivu.

Eda imekwisha wiki hii. Nimeoga, nimevaa kanga za rangi, nimekwenda hadi kona ya barabara nikarudi, na jua likaniumiza macho kama mtu aliyetoka jela. Mtaa wetu wa Mabawa ni ule ule. Jioni makarani wenzako wanapita na baiskeli zao wakitoka kazini, na mimi bado nasikiliza kengele. Yako ilikuwa ikipiga mara mbili mbele ya mlango, nami nikijifanya sikusikia ili upige tena. Sijui nitaacha lini kusikiliza.

Nina jambo la kukueleza. Wakati wewe umelala huko, mimi hapa nilikuwa nimeambiwa kwamba nimekuua, tena kwa uchawi, na kwamba eda ikiisha Mwanaidi atachukuliwa kwenda Mkwaja kwa mamako, nami nirudi kwetu Pangani na sanduku langu la nguo. Na yote hayo yaliletwa na Kizungu chako. Usinikatize. Ulikuwa na tabia ya kunikatiza nikifika penye utamu, lakini leo nitamaliza.

Nianze mwanzo, maana huenda huko ulipo umesahau ulivyotuchosha.

Ulianza siku ile bwana mkubwa wa ofisi yenu ya mkonge alipokurudishia barua uliyoipiga chapa, amelipigia mstari neno moja, akakwambia mbele ya makarani wote kwamba mtu asiyejua kuandika Jumatano hafai kukaa mbele ya mashine. Ulikuja nyumbani hukula. Ukachukua chaki, ukaiandika Jumatano yao hapo sakafuni, ukaniuliza, "Hii D inafanya nini humu? Nimeisikia Jumatano yao tangu skuli, sijapata kumsikia Mzungu hata mmoja akiitamka D. Mimi ningeijuaje?" Wakati ule nilikuwa sijui Kizungu hata cha kuombea maji. Nikakujibu kwamba D siisikii wala siioni, ninachokiona ni wali unaopoa.

Tangu hapo hatukulala kwa raha. Ukawa unakusanya maneno kama watu wanavyokusanya kesi za jirani. Ukaniletea neno lao la kisu, linaanza na K, na hiyo K haisomwi. Ukaniletea zile herufi mbili zao, G na H, zinazotembea pamoja: katika neno la kucheka zinasomwa F, katika neno la mzimu zinasomwa G, na katika neno la binti hazisomwi kabisa, zimekaa tu. "Ndugu wa tumbo moja," ukasema, "mmoja ana jina hili, mwingine jina lile, wa tatu bubu." C ulikuwa humtaki hata kumsikia. Ulisema ni kibarua asiye na kazi yake, leo anafanya kazi ya S, kesho anafanya kazi ya K, na katika neno la baiskeli kaingia mara mbili na zamu zote mbili kazishika yeye.

Na hapo kwenye baiskeli ndipo ulipopata nguvu. Ulinishika mkono nikiwa na mwiko, ukaniambia kwamba kazi ya kuitengeneza lugha ya Wazungu sisi tumekwisha kuianza bila kumwomba mtu ruhusa. Ofisi, stesheni, tikiti, kochi, daktari. Kila neno lao likishuka forodhani kwetu linavuliwa herufi zilizozidi, linatiwa sauti mahali pa sauti, linaruhusiwa kuingia mjini. "Watuachie lugha yote mwaka mmoja tu," ukasema, "tutawarudishia imenyooka." Wali uliungua siku ile, na uliula bila kujua.

Sikukukubalia yote, hilo ulikumbuke. Nilikuuliza habari ya lamu yetu, ile herufi ya L, katika *ash-shamsi*, inayoandikwa na haisomwi. Je, hiyo si K ya kisu? Uliondoka ukazunguka uani mpaka baada ya isha. Nilijua nimekukamata, nikatandika kitanda nikiimba. Kisha ukasema gizani, "Lamu yetu ina kanuni. Ukijua herufi inayofuata, unajua kama lamu itasomwa au haitasomwa. Hawa wao kila neno ni kusikia kutoka kwa jirani." Nikajifunika shuka, nikajifanya nimelala.

Kisha ikaja ile rai yako. Malkia wao mpya alikuwa ndio kwanza amekaa kitini, na wewe ukasema huyu bado kijana, atasikia. Rafiki yako Mwalimu Yohana akakushauri usimwandikie malkia, uanzie kwa wakubwa wa hapa hapa. Basi ukaandika kurasa na kurasa, kwa Kizungu kilichotengenezwa, kila sauti na herufi yake, kila herufi na sauti yake, bila C, bila K za bure, ili waone wenyewe kwamba inasomeka. Tulingoja jibu mpaka mvua zikaisha. Jibu lilipokuja lilikuwa ni rai yako ile ile, kurasa zote, imesahihishwa kwa wino mwekundu tangu mstari wa kwanza mpaka wa mwisho. Hawakujua kwamba ni rai. Walidhani ni makosa.

Ulicheka mpaka ukakohoa. Halafu ukazikunja zile kurasa polepole, na mimi niliona umeumia. Niliumia pia, ingawa nilikwambia ni vizuri, labda sasa tutapata usingizi.

"Basi," ukasema, "kama hawataki kuzitengeneza zao, nitawaazima zangu."

Ndipo ukaanza kukiandika Kizungu kwa herufi za chuoni. P hatuna, ukaweka nukta tatu chini ya herufi be. Kwa sauti ya e ukaisimamisha kasra, alama yetu ya i, kwa o ukaipindua dhumma, alama ya u. Na mwanafunzi wako wa kwanza ukanichagua mimi. Nilipokuuliza kwa nini, ukasema mimi nimehitimu chuo na herufi nazijua kuliko wewe, na Kizungu sikijui kabisa, basi nikiweza kukisoma mimi, dawa imefanya kazi. Maneno gani hayo ya kumwambia mkeo? Nilijifunza kwa hasira. Na sentensi ya kwanza uliyoniandikia nisome ilikuwa hii:

*Mai waifu izi engiri, bati ha tii izi gudi.*

Niliisoma yote bila kukosea, ndipo nikauliza maana yake. Uliponiambia, nilikupiga na kitambaa cha mezani.

Mwalimu Yohana hakupenda mambo yale. Kila Jumamosi alikuja kukaa nawe barazani, yule rafiki yako Mbondei wa Muheza, mwalimu wa Kizungu mwenye shati limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Nami nilikuwa nawasikia nikiwa dirishani. Alikwambia Kizungu chako kina mkia, kila neno unalimalizia kwa i. Alikwambia pia kwamba zile herufi zisizosomwa zilikuwa zikisomwa zamani, na Waingereza wa kale walikuwa wakiitamka K ya kisu kwa nguvu zao zote. "Sauti imekufa," akasema, "lakini herufi wameiachia mahali pake." Ukamjibu, "Sasa si waizike?" Mkacheka, mkaomba kahawa nyingine, na mimi nikasema moyoni kwamba wanaume wakikosa kazi ya kufanya wanaipata.

Kisha kichomi kikakukamata.

Siwezi kuyaandika yote ya hospitali. Nitaandika moja. Nilikuja asubuhi nikakukuta umejiinua kwenye mto, unatazama kile kikaratasi walichokitundika miguuni pa kitanda, na unatabasamu, mtu ambaye hata kupumua kulikuwa kazi. Ukaniita, "Mama Mwanaidi, njoo uone. Ugonjwa wenyewe unaanza na P, na hiyo P daktari haitamki. Hata kunilaza wamenilaza kwa makosa." Ukaomba kalamu. Ukaliandika kwa herufi zetu, *nyumonia*, mkono ukakushinda hapo hapo. Ukasema, "Andika wewe. Jaza karatasi, nione kama umeishika ile nyu." Nikakaa kando yako nikajaza karatasi nzima, neno moja, juu mpaka chini, kama mtoto wa chuoni. Ukaitazama, ukasema, "Umeishika," ukaikunja, ukaitia mfukoni mwa kanzu. Hazikupita siku nyingi.

Ile karatasi niliisahau kabisa. Nilikuwa sikumbuki hata kula.

Baada ya mazishi wifi yangu Saumu alitoa nguo zako kuzipanga, zile za kutolewa sadaka. Nilikuwa chumbani kwenye eda, nikamsikia amenyamaza ghafla, na Saumu kunyamaza si jambo la kawaida. Akapeleka karatasi kwa mamako. Sasa wewe jiweke mahali pake. Mwanao amekufa kijana, hakuugua siku nyingi. Mfukoni mwa kanzu yake imetoka karatasi ya herufi za Qur'ani, imejaa neno moja ambalo si Kiarabu wala si Kiswahili wala si Kizigua cha kwao, lina nukta na irabu za ajabu ambazo hakuna aliyeziona, nyumonia, nyumonia, nyumonia, mpaka pembeni. Na mwandiko ni wa mkewe, maana barua zote za Mkwaja ni mimi niliyekuwa nikiziandika. Ukilisoma polepole, hata mimi nakubali, linafanana kabisa na jina la jini.

Wakalifungua sanduku lako. Wakazikuta nyingine, rundo, mwandiko wako na wangu umechanganyika, kurasa nzima ambazo mtu aliyehitimu chuo anaweza kuzitamka na hawezi kufahamu hata neno.

Mamako akaja akasimama mlangoni pangu. Nikamwambia, "Mama, ni Kizungu." "Kizungu?" akasema. "Kizungu kimeanza lini kuandikwa kwa herufi za Mtume? Na Wazungu wenyewe wana habari?" Nikaanza kueleza habari ya Jumatano, na K ya kisu, na wino mwekundu, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mwenyewe kwamba naongopa. Hakuna binadamu ambaye angeyaamini yale. "Mwanangu kafa na talasimu yako mfukoni," akasema, akaenda zake.

Tangu siku ile hakula kitu kilichopita mkononi mwangu. Hata maji. Saumu aliteka maji yao peke yake, akawasha moto wao peke yake kule uani, na chai yangu niliyoipeleka ilirudi na kifuniko chake juu ya kikombe. Hayo niliyavumilia. Siku moja Mwanaidi aliingia kulala kwangu nikaona uzi shingoni. Bibi yake alikuwa amemfunga hirizi. Nikamuuliza ya nini, akaniambia, bila ubaya, mtoto wa watu, "Ya kunikinga na wewe." Nililia, Baba Mwanaidi. Nilikulilia wewe, nikalia na kwa ajili yangu. Nilikuwa na hasira na wewe pia, hilo siwezi kukuficha. Nilisema kama si vichekesho vyako na malkia wao, nisingekuwa hapa.

Arobaini ikafika. Maalim Sufiani alikuja kutusomea hitima, yeye aliyekufundisha alifu. Wanaume walikaa barazani na ukumbini, sisi wanawake ndani, na kati yetu lile pazia la buluu. Mwalimu Yohana naye alikuja, akakaa mwisho wa mkeka, akanyamaza wakati wa dua kama mtu wa heshima zake. Hitima ilipokwisha na kahawa ikapita, Saumu akatoka na kikapu cha karatasi zako zote, akamwekea Maalim mbele. Akamwambia familia inaomba azisomee azibatilishe, kisha zifungiwe jiwe zikatoswe baharini. Kisha akarudi ndani kukaa kando yangu. Jina langu halikutajwa, lakini kila aliyekuwepo alijua.

Maalim akavaa miwani. Akasema, "Sitosi herufi hizi kabla sijazisoma. Nitajuaje kama ndani hamna jina la Mwenyezi Mungu?" Akachukua ya juu. Nilimwona kupitia upande wa pazia, midomo inakwenda bila sauti. Akageuza. Akachukua nyingine. Akavua miwani, akasema taratibu, "Nazisoma zote, wala sifahamu hata moja." Ukumbi mzima wakapiga audhubillahi. Mamako aliyekuwa amekaa karibu yangu alifumba macho.

Sijui nilipata wapi sauti. Mwanamke wa eda hapigi kelele kwa wanaume, najua. Nikasema, "Shikamoo Maalim. Tafadhali soma kwa sauti, ili Mwalimu Yohana asikie." Saumu akanifinya paja, alama ilikaa. Kisha Maalim akajibu, "Marahaba, mwanangu," akavaa tena miwani.

Akasoma kama anavyosoma siku zote, kwa kughani, kila irabu akiipa haki yake:

"Maai waaifu izi engiri, bati ha tii izi guudi."

Nilisikia kikombe kikianguka. Mwalimu Yohana alikuwa amesimama. Akauliza, "Maalim, Kizungu umejifunza wapi?" Na Maalim, kidogo kwa kukasirika, akajibu, "Mimi sijui Kizungu hata salamu. Nasoma kilichoandikwa."

Umesikia? Nasoma kilichoandikwa. Miaka yote ile ulikuwa unatafuta mtu mmoja aseme maneno hayo, na aliyesema ni mzee ambaye Kizungu hakijui, na aliyefahamu ni Mwalimu Yohana ambaye katika herufi zetu haijui hata alifu. Mmoja alikuwa na sauti bila maana, mwingine alikuwa na maana bila macho ya kusomea. Ningetoa kila nilicho nacho uwepo barazani ukaone nyuso zao. Dawa yako ilifanya kazi mbele ya watu wote, na daktari mwenyewe hayupo.

Mwalimu Yohana akawaeleza watu maana, kwa sauti yake ile ya darasani: "Inasema hivi: Mke wangu ana hasira, lakini chai yake ni nzuri." Wanaume wakacheka kwanza, halafu wanawake, halafu hata Saumu kwa kujizuia. Nilifunika uso. Umeniaibisha ukiwa kaburini, na hilo nalo uliweza. Kisha Mwalimu Yohana akasema, "Na hiyo engiri ni yake yeye. Mimi nilimkataza hiyo i ya mwisho tangu siku nyingi." Alitaka kuongeza neno, badala yake akakaa, akakiokota kile kikombe.

Maana hilo ndilo lililotupata sote, tuliokijua Kizungu na tusiokijua. Ile haikuwa sauti ya Maalim. Barua zako za ofisini, zile za tahajia yao, kila anayezisoma anazisoma kwa mdomo wake. Hizi uliziandika kama ulivyokuwa ukisema, pamoja na mikia yote, na Maalim alipozisoma kwa uaminifu mdomo wake ukawa wako. Nilikusikia, Baba Mwanaidi. Ulikuwa upande wa pili wa pazia, unasema chai yangu ni nzuri.

Maalim akasoma na ile karatasi ya mfukoni. Mwalimu Yohana akasema hilo ni jina la kichomi kwa Kizungu, alikuja kukutazama hospitali na kwenye kikaratasi cha kitandani alilikuta. Watu wakasema la haula. Kikapu hakikufungiwa jiwe.

Mamako alikaa vile vile, mikono mapajani. Nilidhani hakusikia. Halafu akamwita Mwanaidi, akamkalisha mbele yake, akaukata ule uzi wa hirizi kwa meno. Hakuomba radhi, wala mimi sikuingoja, namjua. Akageuza uso kwangu kwa mara ya kwanza tangu uondoke, akasema, "Mkamwana, hiyo chai iko wapi?"

Nilikwenda mekoni. Nilitia tangawizi nyingi mno, sukari nikaimwaga. Akainywa yote mpaka mashapo ya chini. Hakusema nzuri wala mbaya. Nikajua ile shida ya kumsifu mtu uliirithi kwa nani.

Sasa nikupe na habari za baadaye, ndogo ndogo. Mwanaidi yuko hapa, kwangu, na hakuna tena anayezungumza habari ya kumchukua. Saumu ameniomba nimfundishe kutengeneza mkate wa mofa, ndiyo namna yake ya kusema samahani. Mamako amerudi Mkwaja, na wakati wa kuondoka aliniomba karatasi moja. Nilidhani atataka ile ya dua zako za Kiarabu. Alitaka ya chai. Herufi anazijua vizuri, alihitimu kabla ya mimi kuzaliwa, na Saumu aliyemtembelea anasema kila baada ya magharibi huitoa akaisoma kwa sauti, polepole, mai waifu izi engiri, haelewi neno, na akimaliza huikunja akaitia kifuani. Majirani wasiojua huitikia amina.

Mwalimu Yohana bado anakuja Jumamosi, anakaa barazani mahali pake, na mahali pako pamebaki. Amekubali kwamba mpango wako unafanya kazi. Amesema kwa unyenyekevu kabisa, na nimemlazimisha aseme mara ya pili. Nami, kwa upande wangu, nimemkubalia moja lake. Mwanaidi ameanza skuli, na juzi alirudi na neno la kisu, akaniuliza K inafanya nini pale. Nilitaka kumpa jibu lako, kwamba haina kazi. Lakini asubuhi ile nilikuwa nimeweka vikombe viwili, na huwa naweka viwili kila siku, na hicho cha pili hakuna anayekinywea. Nikamwambia zamani ilikuwa ikisomwa. Utaniwia radhi.

Sasa agano langu. Mwalimu Yohana ananiomba nimsomee karatasi zako zote, azinakili kwa herufi za Kizungu, halafu azisafishe kidogo, hizi i za mwisho azitoe, aziandae kwa gazeti watu waione rai yako. Kunakili nimemruhusu. Kusafisha nimemkatalia. Wino mwekundu ulikwisha kukupata mara moja, unatosha. Mwanaidi atajifunza tahajia yao kwa ajili ya mtihani, na yako kwa ajili ya nyumbani, na siku akitaka kujua babake alikuwa akisema vipi, hatauliza mtu, atasoma kilichoandikwa. Na mimi maadamu ni hai, hakuna mtu atakayekutoa hata nukta moja.

Lala kwa amani, Baba Mwanaidi. Mungu akupanulie kaburi lako, na akupe majirani wanaotamka wanachoandika. Nakuaga hapa, chai inachemka.

Ni mimi, waifu wako, leo engiri kidogo tu.